Mwano Usioitikiwa

Jumapili, 26 Oktoba 1969

Ndugu zangu wa baraza, Bwana Shamba ameiachia shule yetu kipima-mvua cha shaba na daftari hili la jalada la buluu, ili niandike kila siku mvua iliyonyesha, tangu leo mpaka mpunga utakaposimama majarubani. Nitaiandika mvua. Lakini kurasa ni nyingi kuliko mvua ya nchi hii, na wengi wenu mnaojifunza kusoma alasiri mmekwisha kuvimaliza vitabu vyote vya kisomo. Kwa hiyo nitaandika pia yanayotupata, na msimu ukiisha nitaliweka daftari mezani pa baraza, alisome apendaye.

Ninyi mnanijua. Atakayelikuta baadaye na ajue kwamba mimi ni Athanasi, mwalimu mkuu wa shule ya madarasa manne, na katibu wa baraza la kijiji hiki kilichoko mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Bariadi. Kila Jumapili baada ya ibada husimama mbele ya ghala la pamba na gazeti lililoletwa na lori la ushirika. Hulisoma kwa Kiswahili, kisha hulieleza kwa Kisukuma. Watu husema naeleza vizuri, nami nimezoea kuwaamini.

Mvua: hakuna.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua: matone, hayakufika alama ya kwanza. Mchwa wameanza kuruka.

Jumapili, 2 Novemba

Leo gazeti lilikuwa na habari ndefu ya vita vya Biafra, na watu walisikiliza kuliko kawaida kwa ajili ya Daktari Constantine. Cheti chake ni cha mganga msaidizi tu, lakini katika zahanati ya misheni yeye ndiye tuliyenaye, na anayetuzalishia wake zetu tumempa udaktari bila kuuliza chuo. Yeye ni mtu wa Biafra, nchi iliyojitenga na Nigeria. Alikuja nchini kwa mkataba wa kufundisha wauguzi, vita vikalipuka kwao, mkataba ukaisha na njia ya kurudi ikawa imefungwa. Mkewe Felisita na binti yao wako katika kijiji kimoja karibu na mji wa Owerri. Kila Jumapili huketi kwenye robota la pamba la mwisho, karibu na mlango, kofia magotini.

Gazeti lilisema kwamba mataifa kadhaa yanashikilia uamuzi wao wa kutouza wala kutoa silaha kwa upande wowote wa vita vile, na kutotuma mtu wa kufundisha askari. Lilitumia neno “vikwazo”. Nililitamka, nikaona nyuso hazikubadilika. Kwa watu wetu kikwazo ni kisiki kinachokukwaza njiani. Mama mmoja akauliza, “Mwalimu, hicho kisiki wamekiweka njia ya nani?” Baraza likacheka, na hata Constantine akatabasamu.

Ndipo nikapata mfano, na niliupata palepale nimesimama. Nikawaambia: chukulieni kwamba nyumba mbili zinapigana, na majirani wote wamekubaliana kwamba mwano wa kuita msaada utakapopigwa kutoka nyumba yoyote kati ya hizo, hakuna atakayechukua mkuki wake na kwenda. Hicho ndicho yalichofanya mataifa hayo. Nikasikia mguno ukipita kutoka robota hadi robota. Walikuwa wameelewa. Nilirudi nyumbani nimeridhika sana.

Mvua: hakuna.

Jumatano, 5 Novemba

Constantine alikuja kuniuliza maana kamili ya mwano. Nikamweleza kwamba ni ukelele wa hatari: mlio mrefu unaopanda, ukikatwakatwa kwa kiganja mdomoni. Anayeusikia huurudia alipo, ili aliye mbali zaidi naye ausikie, kisha hukimbilia unakotoka na chochote alichonacho mkononi. Hakuna anayeuliza kwanza ni nani aliyeita, wala kabila lake, wala kama mnasemezana. Asiyekwenda hutozwa ng'ombe, na nyama yake huliwa na wale waliokwenda. Na walioitikia hawatawanyiki wenyewe. Hungoja mpaka aliyeita awaambie, “Nendeni, nimewaona.”

“Na mgeni kama mimi, nikiita?”

Nikamwambia mwano hauna mgeni.

Akaomba kufundishwa. Akajaribu uani petu, kiganja mdomoni, na sauti iliyotoka ikawa ya mbuzi aliyenasa kwenye ua. Mke wangu Benedikta aliacha kupepeta mtama. “Daktari,” akamwambia, “ukiita hivyo watakuja fisi peke yao, na wao watakuja kukucheka.” Alijaribu mara nyingine tatu. Ya mwisho haikuwa mbaya.

Mvua: robo inchi. Harufu ya udongo ilituingia mpaka darasani.

Jumanne, 11 Novemba

Constantine amepata barua ya mkewe, iliyoandikwa Agosti na kupitia mikononi mwa mapadre wa nchi tatu. Aliniletea nione stempu tu, kisha akanisomea mstari mmoja. Felisita anaandika kwamba chumvi imekwisha kabisa, na kwamba mtoto huamka akisema ameota anailamba.

Mvua: nusu inchi.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo damu imemwagika katika kijiji hiki, na nitaandika chanzo chake bila kupendelea.

Mnamjua Nyamizi, mjane. Mumewe alikuwa mdogo wake Salu, yule mwenye ng'ombe wengi na wana sita watu wazima. Mwaka jana, matanga yalipokwisha, Salu alitaka kumrithi, naye Nyamizi akakataa. Tangu hapo Salu anadai kwamba majaruba matatu ya mpunga yaliyo kando ya mto ni ya ukoo wake, na kwamba mwanamke aliyeukataa ukoo ameyakataa na majaruba. Nyamizi anajibu kwamba matuta yale aliyainua kwa jembe lake mwenyewe akiwa na mimba, na kwamba hana shamba jingine. Kesi imefunguliwa Mahakama ya Mwanzo, itasikilizwa mvua zikiisha. Lakini mpunga haungoji mahakama. Hivyo Nyamizi alimwita kaka yake, Thomasi, kutoka Ipililo, aje na maksai wawili kumlimia.

Asubuhi wana wa Salu walikwenda kumzuia Thomasi. Nyamizi akapiga mwano. Salu, alipoona watu wanakuja, naye akapiga mwano wake. Watu wakafika kwa kuitwa na pande mbili, na aliyefika huku akamkuta jirani yake kasimama kule. Watu ambao hawajapata kukosana maisha yao yote walipigana rungu kwa ajili ya ugomvi usio wao. Watatu wamelala zahanati, mmoja amevunjika mkono vibaya.

Mvua: hakuna. Mawingu yalikuja, yakatazama, yakaondoka.

Jumapili, 16 Novemba

Nitaandika kirefu, kwa kuwa naamini siku ya leo itakumbukwa.

Baraza lilijaa mpaka nje ya kivuli cha ghala. Mwenyekiti alikuwa na hofu, na kwa haki. Mwakani tunatarajia kuandikishwa kuwa kijiji cha Ujamaa, na nani atakiandikisha kijiji kinachopasuana vichwa? Wengine walitaka Salu atozwe faini, wengine wakataka Nyamizi arudi kwao Ipililo. Kila aliyesema alizomewa na nusu ya watu.

Nikaomba nafasi. Nikawakumbusha habari niliyowasomea wiki mbili zilizopita, jinsi mataifa yenye busara yalivyokataa kutia kuni katika moto wa wengine. Nikasema kwamba moto usiotiwa kuni huzimika wenyewe. Nikasema kwamba baraza halimhukumu Salu wala Nyamizi, kwani hiyo ni kazi ya hakimu. Baraza linajihukumu lenyewe, lisigeuke mkuki mkononi mwa mtu. Nikasoma azimio nililoliandika jana: kuanzia leo hadi kesi iamuliwe, mwano wa nyumba ya Salu na mwano wa nyumba ya Nyamizi usiitikiwe na mtu yeyote, wala watu wa nyumba hizo wasiazimwe mkuki, upinde, mshale wala rungu, na atakayekwenda, yeye ndiye atakayetozwa ng'ombe.

Nyamizi alisimama. Ni mwanamke mfupi, na ilibidi walio mbele wainame ili aonekane.

“Mwalimu, Salu ana wana sita,” alisema. “Mkikaa kimya ninyi nyote, Salu bado ana wana sita.”

Nilimjibu vizuri sana. Nilimwambia kwamba sheria inayomtazama mmoja kwa jicho la huruma na mwingine kwa jicho la hasira si sheria, ni ndugu. Watu walipenda hilo, wakapiga makofi. Akaketi. Mikono ikainuliwa, na azimio likapita. Salu mwenyewe aliinua mkono.

Nilipotazama robota la mwisho, Constantine hakuwapo tena.

Mvua: robo tatu ya inchi, alasiri, watu wakiwa bado wananishika mkono.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilimpitia Constantine zahanati. Alikuwa akifunga upya ule mkono uliovunjika, hivyo nikangoja. Kisha akanawa, akaniambia kwa utulivu, katika Kiswahili chake cha kitabuni:

“Mwalimu, jana ulisema ‘pande mbili’ kama mtu asemavyo ‘macho mawili’.”

Nikamwomba afafanue. Akaniuliza kama gazeti langu lilieleza kwamba wale wanaopigana na watu wake wana bandari, na kwamba wakinyimwa na mmoja wananunua kwa mwingine, na kwamba kwao Felisita mlango ni mmoja na umefungwa. Nikakiri kwamba lilieleza, mwishoni. Akaniuliza kama nililisoma hilo barazani. Nikamwambia habari ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali.

“Siwachukii wanaokataa pande zote,” akasema. “Nafikiri wanalala vizuri. Ila kabla ya kukataa walipaswa kuuliza nani ana nini.”

Nimeliandika neno lake hapa kwa uaminifu, ingawa naona kwamba linatoka katika maumivu yake wala halihusu majaruba matatu ya mpunga.

Mvua: nusu inchi.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua: inchi moja na robo. Watoto kumi na tisa tu darasani. Wengine wako mashambani.

Ijumaa, 21 Novemba

Kimya. Salu hajaonekana mtoni wiki nzima. Watu wananiambia azimio linafanya kazi.

Jumapili, 23 Novemba

Nilisoma habari za bei ya pamba. Hakuna aliyeuliza chochote.

Mvua: robo inchi.

Jumanne, 25 Novemba

Nyamizi alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Alisalimu kwa heshima, “Mwangaluka, Mwalimu,” na akakataa kiti. Alisema wana wa Salu wanachunga ng'ombe karibu na majaruba kila siku, na jana mmoja alimwonyesha Thomasi mkuki akicheka. Hakuomba azimio lifutwe. Aliomba watu wawili tu wakae tutani mpaka Thomasi amalize kulima, siku tatu. Wasishike hata fimbo, alisema, waonekane tu.

Nilimweleza kwamba watu wawili tutani ni msaada, na nikimpa yeye msaada lazima nimpe na Salu. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

“Salu hajaomba,” akasema.

Nikamjibu kwamba ndiyo sababu.

Naliandika jibu hilo hapa leo, na sasa nikilisoma silielewi vizuri kama nilivyolielewa asubuhi.

Mvua: nusu inchi.

Alhamisi, 27 Novemba

Ilikuwa yapata saa sita mchana. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka kali juu ya maji, na nilikuwa ubaoni nikiwafundisha darasa la nne kugawanya. Mwano ukaanza.

Ninyi mlikuwapo, ndugu zangu, na mliusikia. Lakini kila mmoja aliusikia peke yake, mahali pake, na nadhani hatujaambiana tulichosikia. Nitaandika changu.

Ulikuwa wa Nyamizi. Ulipanda kutoka mtoni, ukakatwa kwa kiganja, ukapanda tena. Nilitoka mlangoni na chaki mkononi. Kutoka shuleni bonde lote huonekana. Niliwaona watu katika mashamba yao wamesimama, majembe begani, wanaume kwa wanawake, kila mtu kwenye kipande chake kama vinyago vya udongo. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kutazama mtoni. Wakageuka kutazama shule.

Mwano husafiri kwa midomo. Mmoja huupokea, humpa wa pili, wa pili humpa wa tatu. Leo ulifika katika kila sikio na haukutoka katika mdomo wowote. Sikupata kujua kwamba sauti ya mtu mmoja ni ndogo namna ile. Maisha yangu yote nilikuwa nimeisikia ikiwa imebebwa na wengine.

Benedikta alikuwa amekuja hadi kona ya darasa, mchi wa kutwangia mkononi. Akasema, “Mwalimu, wanaita.”

Nikamwambia nimesikia.

Ningeweza kuinua mkono. Naandika hili wazi, ili asiwepo wa kunitetea. Ningeinua tu huu mkono wenye chaki, na bonde zima lingekimbia. Walikuwa wakingoja hilo na si kingine. Lakini niliwaza azimio. Niliwaza kwamba katibu akilivunja leo, kesho nani ataliheshimu neno la baraza? Niliwaza nitakavyolieleza Jumapili. Nilikuwa nikizitafuta sentensi, ndugu zangu. Mwanamke alikuwa akiita, nami nilikuwa nikitafuta sentensi.

Kisha nikamwona mtu mmoja akikimbia. Alitoka zahanati, koti jeupe, mfuko wa dawa ukimpiga ubavuni. Alikimbia vibaya, kama mtu asiyejua vijia vya majaruba. Alianguka kwenye tuta la kwanza, akaamka, akaanguka tena. Constantine. Yeye peke yake.

Mwano ukaendelea mpaka sauti ilipopasuka. Baada ya hapo zilisikika pumzi tu, na kiganja kikipiga mdomo usiotoa kitu.

Thomasi alichomwa mkuki chini ya mbavu. Wana wa Salu waliokuja walikuwa watatu. Waliingiza ng'ombe shambani, naye akasimama mbele ya maksai wake. Constantine alimbeba mgongoni hadi barabarani. Lori la pamba lilipopatikana kumpeleka hospitali ilikuwa saa kumi, na saa kumi hiyo Thomasi hakuwa tena na haja ya lori.

Sikupima mvua.

Ijumaa, 28 Novemba

Polisi walikuja na kumchukua Salu pamoja na wanawe wawili kwenda Maswa. Wa tatu amekimbia. Salu alipopita mbele ya shule aliomba wamsimamishe. Hakuwa na hasira. Aliniambia, kama mtu anayetoa taarifa kwa katibu:

“Mwalimu, mimi azimio sikulivunja. Sikumwita mtu.”

Jumamosi, 29 Novemba

Thomasi amepelekwa kuzikwa kwao Ipililo. Watu wachache walisindikiza gari. Nilikwenda hadi njia panda, na hapo Benedikta akanishika mkono wa shati, akaniambia ni afadhali nisiende mbele zaidi.

Jioni nilimwambia aseme alilo nalo. Akajibu, “Mchi ulikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na miguu. Sikusemi wewe.”

Mvua: inchi moja.

Jumapili, 7 Desemba

Nyamizi amerudi. Sauti yake haijarudi. Constantine anasema huenda isirudi yote. Alikuja barazani, akaketi upande wa wanawake, na nafasi ikabaki pande zote mbili za mwili wake.

Sikufungua gazeti. Nikasema kwamba ninaomba azimio langu lifutwe, na nikatumia neno “langu”. Kisha nikasema kwamba desturi inamtoza ng'ombe asiyeitikia mwano, na kwamba mimi ni wa kwanza kutozwa. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba na yeye hakwenda. Mwingine akasema hivyo hivyo. Wakaendelea, na wanawake pia, mpaka ikawa wazi kwamba kijiji kizima kinadaiwa na kijiji kizima.

Hapo Mwenyekiti akatatizika. Ng'ombe wa faini huliwa na wale walioitikia, akasema. Sasa huyu ataliwa na nani? Watu wakageuka kwenye robota la mwisho.

Constantine alisimama, kofia mkononi. Alisema kwamba yeye hawezi kumla ng'ombe mzima, na mtu mmoja akataka kucheka, akajizuia. Kisha akasema maksai mmoja wa marehemu alivunjwa mguu siku ile, na aliyebaki hawezi kuvuta jembe peke yake. Kama ng'ombe ni wake, basi angependa awe maksai, na awe hai.

Tumechanga maksai mweupe mwenye doa jeusi begani. Nilimkabidhi Nyamizi mwenyewe. Alipokea kamba. Mkono wangu niliounyoosha aliuacha hewani.

Mvua: robo tatu ya inchi.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Niliombwa kuhutubia, kama kila mwaka. Nikaomba Mwenyekiti aseme. Alisema machache, na yalitosha.

Jumanne, 16 Desemba

Nyamizi amemaliza kulima. Benedikta na wanawake wengine kumi wamekwenda kumsaidia kupandikiza miche. Nilimuuliza Benedikta kama Nyamizi aliwakaribisha. Akasema hakuwakaribisha wala hakuwafukuza, aliwaonyesha tu mstari unapoanzia.

Mvua: inchi moja na nusu.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Constantine alikula kwetu. Hana barua nyingine. Alipowekewa chumvi mezani aliisogeza pembeni kwa kidole, polepole, akala mchuzi bila chumvi, wala hatukumuuliza.

Mvua: hakuna.

Jumamosi, 3 Januari 1970

Mvua: inchi mbili. Mto umejaa.

Jumamosi, 10 Januari

Redio ya zahanati imesema kwamba mji wa Owerri umetekwa. Constantine amefungua zahanati kama kawaida. Aliwachoma sindano watoto ishirini na saba, na mama zao wanasema hakukosea hata mmoja.

Mvua: nusu inchi.

Jumanne, 13 Januari

Mvua ilianza alfajiri, nyembamba, isiyo na upepo. Nilikuwa darasani. Ilikuwa yapata saa saba na nusu mchana, baada ya taarifa ya habari, mwano ulipopigwa.

Sauti niliijua mara moja. Ilikuwa ile ya mbuzi aliyenasa kwenye ua. Iliinuka vibaya, ikakatwa vibaya, ikainuka tena, na hakuna aliyecheka.

Niliutoa mdomoni mwangu kabla sijafika mlangoni. Sikuwa na sentensi yoyote. Nilipotoka, niliusikia ukichukuliwa bondeni, ukipita shamba hadi shamba, ukapanda kilima cha pili na kurudi kwetu kutoka upande ambao hatuoni. Watu walikimbia kwenye matope na majembe, mikuki, mapanga, na Benedikta na mchi wake. Sijapata kuona watu wengi namna ile wakija mahali pamoja.

Wa kwanza kufika alikuwa Nyamizi. Majaruba yake ndiyo yaliyo mbali kuliko yote.

Constantine alikuwa amesimama nje ya zahanati, kichwa wazi, mvua ikimshuka. Nyuma yake redio ilikuwa bado inasema. Wanaume wakamzunguka kwa mgongo, kama ipasavyo, mikuki ikitazama nje, wakamuuliza walipo adui. Akaunyoosha mkono magharibi. Watu wote wakatazama magharibi. Palikuwa na kilima, na mvua.

“Ni mbali gani?” akauliza kijana mmoja, aliyekwisha kuvua viatu kwa ajili ya kukimbia.

Constantine alirudisha kiganja mdomoni. Wakageuka kwangu, kwa kuwa kueleza ndiyo kazi yangu. Niliwaambia kwa Kisukuma kwamba Biafra imeweka silaha chini, haipo tena. Nikasema: “Waliita miaka miwili na nusu.” Nilikuwa na mengine ya kusema, nikaona hayahitajiki.

Hakuna aliyeondoka. Mikuki ilishuka, mmoja mmoja, ncha chini. Maji yalijaa katika nyayo zetu. Aliyeita ndiye anayetawanya watu, na Constantine hakuweza kusema neno. Alikuwa ameshika kiganja chake mdomoni kama alivyokuwa akipiga mwano, na hakukiondoa. Tulingoja. Watoto wa shule nao walikuja, wakasimama nasi, na hata wadogo wakangoja.

Nyamizi alikwenda akasimama kando yake. Aliwatazama watu kuanzia mwanzo wa duara, uso kwa uso, bila haraka, kama mtu anayetafuta walio wake. Kisha akasema, kwa ile sauti iliyomsalia, ambayo ilibidi mvua itulie ndipo tuisikie:

“Nendeni. Nimewaona.”

Wakaanza kuondoka, kimya, wakivuta miguu kwenye matope. Mimi nilibaki nimesimama. Alipokuwa akizunguka na macho yake nilikuwa nimeinamisha kichwa, na sikuwa na hakika kama neno lile lilinihusu.